Mwongozo kamili wa kushiriki mashindano ya usalama wa mgonjwa: kuanzia wodini hadi mbele ya majaji

Maandiko mengi yanayoachwa katika mchujo wa kwanza wa mashindano ya usalama wa mgonjwa hayana kasoro ya lugha. Kasoro yake ilitokea miezi kadhaa nyuma, siku timu ilipoanza kubadilisha mambo wodini kabla ya kuhesabu hali ilivyokuwa. Jaji akiuliza, "Mmejuaje kwamba hali imekuwa nzuri kuliko zamani?", timu inabaki na picha za mafunzo na orodha ya mahudhurio.

Ndiyo maana nusu nzuri ya mwongozo huu inahusu kazi inayotangulia uandishi. Tutatembea na mfano mmoja wa kubuni: wodi ya watoto ambamo dawa huandikwa kabla mtoto hajapimwa uzito. Mfano ni mdogo makusudi, kwa sababu tatizo dogo ndilo linalopata alama.

Soma tangazo ukiwa na kalamu mkononi

Kwanza jua unaingia shindano la namna gani. Zipo tuzo za miradi iliyokamilika, ambazo hutaka matokeo yaliyopimwa kwa miezi. Yapo mashindano ya mawazo na vifaa, mara nyingi ya wanafunzi, ambayo hutaka sampuli ya kifaa au programu pamoja na ushahidi kwamba tatizo lipo kweli. Na yapo mabango ya makongamano, ambayo hukubali hata mradi ulio katikati ya safari mradi useme hivyo waziwazi. Kupeleka wazo zuri lisilo na takwimu kwenye tuzo ya miradi iliyokamilika ni kupoteza muda wenu na wa majaji.

Kisha tafuta jedwali la alama. Likiwepo, ligeuze kuwa mgawo wa maneno. Andiko likiwa na ukomo wa maneno 1,500 na matokeo yakibeba alama 30 kati ya 100, matokeo yapewe maneno 450 hivi. Timu nyingi hufanya kinyume: maneno 700 ya utangulizi kuhusu ukubwa wa tatizo duniani, halafu matokeo yanabanwa kwenye aya moja ya mwisho.

Angalia pia mambo haya manne, kwa sababu ndiyo yanayofuta maandiko kabla hayajasomwa:

- Kama majaji wanasoma bila kujua majina, jina la kituo lisionekane popote, hata kwenye kichwa cha grafu, jina la faili au nembo iliyo kwenye picha.
- Kama kuna tarehe ambayo mradi lazima uwe umeanza au kumalizika.
- Kama barua ya mkuu wa kituo inahitajika. Barua hiyo huchelewa kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo iombwe wiki ya kwanza.
- Saa ya kufunga inatajwa kwa majira ya wapi. Igeuze iwe saa ya kwenu na uiandike ukutani.

Ukitaka mradi uendane na wakati, fuatilia mada ya Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, inayoadhimishwa kila 17 Septemba tangu ilipoanzishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2019. Mada ya 2022 ilikuwa usalama wa dawa, ya 2024 usahihi wa utambuzi wa magonjwa, na ya 2025 usalama wa watoto wachanga na watoto kwa jumla. Usilazimishe mradi uingie kwenye mada, lakini ukiwa tayari unaingia, litaje hilo kwa sentensi moja.

Chagua tatizo ambalo mnaweza kulihesabu kila wiki

Makundi makubwa ya madhara yanajulikana: makosa ya dawa, makosa ya upasuaji na taratibu nyingine, maambukizi yanayopatikana ndani ya kituo, madhara ya uuguzi wa kila siku kama kuanguka na vidonda vya mgandamizo, na utambuzi wa ugonjwa uliokosewa au kuchelewa. Ndani ya kundi lolote, tatizo la kushindania lina sifa tatu. Linatokea mara nyingi kiasi cha kuhesabika kila wiki, linaweza kubadilishwa na watu walio kwenye timu yenu, na mtu wa nje akielezwa anaona mara moja mgonjwa anaumiaje.

"Kupunguza vifo vya watoto" halifai. Vifo, kwa bahati njema, ni vichache mno kwa wiki kuonyesha mabadiliko katika wodi moja, na vina sababu nyingi zilizo nje ya uwezo wenu. "Watoto kuandikiwa dawa bila uzito uliopimwa" linafaa. Dozi za watoto hukokotolewa kwa kilo; uzito ukikisiwa kwa macho, dozi nayo ni ya kukisia. Kila karatasi ya dawa ama ina uzito ama haina, na wahesabuji wawili watapata jibu moja.

Takwimu za dunia zitumie kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa katika huduma, na kwamba huduma isiyo salama huchangia vifo zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Jaji anazijua namba hizo kwa moyo. Sentensi moja inatosha. Sentensi inayofuata iwe ya wodi yenu.

Ukishachagua, andika lengo lenye nani, nini, kutoka wapi hadi wapi, na lini. Kwa mfano wetu: "Kuongeza karatasi za dawa zenye uzito uliopimwa ndani ya saa 24 za kulazwa, katika wodi ya watoto, kutoka asilimia 40 hadi 85 ndani ya wiki 12." Lengo lenye "kuimarisha" au "kuhamasisha" bila namba halipimiki, na majaji wanalipita haraka.

Timu na ruhusa

Watu watano au sita wanatosha: mmoja mwenye mamlaka ya kuhamisha vitu na kubadili fomu, wawili au watatu wanaofanya kazi yenyewe kila zamu, mmoja wa kutunza takwimu, na mzazi au mgonjwa aliyewahi kupita kwenye huduma hiyo. Msisahau zamu ya usiku. Mradi uliobuniwa na watu wa asubuhi peke yao hufia saa mbili usiku, na grafu itaonyesha hivyo.

Kuhusu mgonjwa au mzazi: fomu nyingi zina swali la jinsi mlivyowashirikisha. Jibu dhaifu ni "tuliwapa dodoso". Jibu lenye nguvu linataja kitu kilichobadilika kwa sababu yao, kwa mfano mama kusema kwamba mtoto alipimwa akiwa amefunikwa blanketi, na timu ikaongeza hatua ya kumvua nguo nzito kabla ya kumweka kwenye mizani.

Ruhusa ya maadili huwakwamisha wengi. Miradi ya uboreshaji wa huduma mara nyingi haipitii njia ndefu ya utafiti, lakini uamuzi huo si wa timu. Andikia kamati ya maadili ya kituo chako ukurasa mmoja unaoeleza mtakachofanya, na uombe jibu la maandishi, hata kama jibu ni kwamba kibali hakihitajiki. Fanya hivyo kabla ya kukusanya takwimu. Kamati haiwezi kuruhusu jambo lililokwisha kufanyika.

Vipimo vitatu, wala si kumi

Mradi unaosomeka vizuri una vipimo vya aina tatu.

Kipimo cha mchakato kinaonyesha kama kazi mliyokubaliana inafanyika. Kwetu ni asilimia ya karatasi za dawa zenye uzito.

Kipimo cha matokeo kinaonyesha kama mgonjwa amenufaika. Kwetu ni asilimia ya dozi za gentamicin, aina ya antibiotiki, zilizotofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 na dozi iliyokokotolewa kwa uzito halisi. Tumechagua dawa moja tu, tena yenye madhara ikizidi, ili kazi ya kuhesabu iwezekane.

Kipimo cha mizania kinaonyesha kama katika kutibu hapa mmeumiza pale. Hiki ndicho timu nyingi huacha, na ndicho jaji mzoefu hutafuta kwanza. Kwetu ni dakika kutoka mtoto kupokelewa hadi kupewa antibiotiki ya kwanza. Kama kusubiri mizani kunachelewesha dawa ya mtoto mwenye maambukizi makali, mradi umeleta hatari mpya, na ni afadhali mlione wenyewe kuliko kuulizwa jukwaani.

Kila kipimo kiandikwe maana yake kwa ukamilifu: nini kinahesabiwa juu, nini chini, na nani haingii. "Uzito uliopimwa" maana yake namba iliyoandikwa pamoja na saa na sahihi ya aliyepima. Uzito uliosemwa na mzazi haumo. Mtoto aliyekuja katika dharura anahesabiwa, ila saa 24 zinaanza baada ya hali yake kutulia. Mkiacha maswali hayo wazi, wahesabuji wawili watatoa namba mbili.

Kuna mitego mitatu ya vipimo inayojirudia karibu kila mwaka.

Wa kwanza ni kutumia idadi ya taarifa za matukio kama kipimo cha matokeo. Watu wakianza kuamini kwamba hawataadhibiwa, taarifa huongezeka, na hiyo ni dalili njema. Andiko linalojisifu kwamba "taarifa za makosa zimepungua kwa nusu" humfanya jaji ajiulize kama watu wameacha kukosea au wameacha kusema.

Wa pili ni kutaja idadi tupu bila kigawanyo. Wagonjwa 7 walioanguka katika siku 70 ni wengi au wachache? Wodi ikiwa na wastani wa wagonjwa 30 kwa siku, hizo ni siku-mgonjwa 2,100 (wagonjwa 30 mara siku 70), yaani matukio 3.3 kwa kila siku-mgonjwa 1,000. Namba hiyo inalinganishika hata wodi ikijaa au ikipungua. Tukio likiwa adimu sana, acha asilimia na uhesabu siku zilizopita kati ya tukio moja na linalofuata.

Wa tatu unahusu usafi wa mikono. Mtu akijua anaangaliwa, ananawa. Ukaguzi wa macho unapaswa kuwa na fursa za kutosha, yaani nyakati ambazo mtu alipaswa kusafisha mikono, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hupendekeza fursa 200 kwa kila kipindi na kila wodi, katika vikao vya takriban dakika 20. Hata hivyo, weka kando yake kipimo kisichoona haya, kama lita za dawa ya kusugua mikono zilizotumika kwa siku-mgonjwa 1,000. Vyote viwili vikipanda pamoja, hoja yenu imesimama. Ukipanda ukaguzi peke yake, hamjathibitisha kitu.

Hesabu kabla ya kugusa chochote

Kwa wiki 10, usibadilishe kitu. Kila wiki chukua karatasi 20 za dawa kwa utaratibu usioingiliwa na hiari ya mtu: kama wamelazwa watoto 60, chukua kila wa tatu kwenye rejesta kuanzia namba iliyopatikana kwa kura. Asiachiwe mtu kuchagua faili zilizo juu ya meza. Hizo ni za wagonjwa waliolazwa asubuhi, wakati wodi ina watu.

Tuseme asilimia za wiki 10 zimekuwa 35, 40, 45, 30, 40, 50, 35, 40, 45 na 40. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati: mediani ni 40. Huo ndio mstari wenu wa mwanzo, na hauguswi tena.

Muda hautoshi? Hesabu kila siku badala ya kila wiki, watoto wote waliolazwa siku hiyo, kwa siku 14. Nukta zitayumba zaidi kwa sababu idadi ya kila siku ni ndogo, lakini ni bora kuliko kulinganisha "kabla" na "baada" kwa namba mbili tu. Namba mbili haziwezi kuonyesha kama hali ilikuwa tayari inapanda yenyewe kabla ya mradi. Na kama tarehe ya mwisho iko wiki tatu mbele na hamna takwimu yoyote, ingieni kipengele cha mawazo au bango, msubiri tuzo kubwa raundi ijayo.

Tafuta chanzo kwa miguu

Michoro ya mfupa wa samaki, inayopanga sababu za tatizo kwa matawi, na maswali ya "kwa nini" mara tano ni vyombo vizuri, ila vikifanyiwa kwenye chumba cha mikutano huzaa majibu ya chumba cha mikutano: elimu ndogo, uhaba wa wafanyakazi, mtazamo hasi. Mfuate mtoto mmoja kutoka mlangoni hadi dozi ya kwanza, ukiwa na saa na karatasi. Andika kila mahali anaposimama, nani anamgusa, na nini kinatafutwa.

Katika mfano wetu safari hiyo ingeweza kuonyesha mambo ya namna hii: mizani iko chumba kingine ambacho hufungwa jioni, karatasi ya dawa haina nafasi ya uzito, hivyo anayepima huandika pembeni au ndani ya faili ambako mwandishi wa dawa hasomi, mizani hairudishwi sifuri kati ya mtoto na mtoto, na dozi huandikwa "5.0", nukta ikififia inasomwa 50. Hili la mwisho ni kosa maarufu linalozidisha dozi mara kumi. Dawa yake ni kanuni mbili: usiandike sifuri baada ya nukta kwa namba kamili, na usiache kuiweka kabla ya nukta, yaani 5, si 5.0, na 0.5, si .5.

Mkikusanya sababu za kila karatasi iliyokosa uzito kwa wiki mbili na kuzipanga kwa wingi, mara nyingi sababu mbili au tatu hubeba sehemu kubwa. Anzeni nazo.

Badilisha kitu chenye nguvu

Mabadiliko hayana uzito sawa. Yaliyo dhaifu yanategemea mtu kukumbuka: mafunzo, matangazo ukutani, kuhimizana kwenye kikao. Ya wastani yanasaidia kumbukumbu: orodha hakiki, fomu iliyopangwa upya, kuhakikiwa na mtu wa pili. Yenye nguvu hufanya kosa liwe gumu au lisiwezekane: potasiamu kloridi kali, dawa ya hatari ikidungwa bila kuzimuliwa, kuondolewa kwenye kabati za wodi, au viunganishi vya mipira ya kulishia kutengenezwa visiweze kuingia kwenye kanula ya mshipa.

Mafunzo peke yake hupandisha grafu kwa majuma machache, kisha hushuka wafanyakazi wakibadilishwa. Jaji akiona "tulitoa mafunzo kwa wauguzi 45" kama badiliko pekee, anajua mwisho wake. Angalia kilichofanyika katika vyumba vya wagonjwa mahututi jimbo la Michigan nchini Marekani, mradi uliochapishwa mwaka 2006: hatua tano za kuweka katheta (mrija mwembamba) ya mshipa mkubwa zilikuwa zinajulikana siku zote. Kilichoongezwa ni vifaa vyote kuwekwa kwenye toroli moja, orodha hakiki, na muuguzi kupewa mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hatua. Maambukizi ya damu yalishuka kutoka mediani ya 2.7 kwa siku 1,000 za katheta hadi 0.

Orodha hakiki ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 nayo ina fundisho kama hilo. Ina vipengele 19 katika vituo vitatu vya kusimama: kabla ya ganzi au nusukaputi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka. Katika utafiti wa hospitali 8 uliochapishwa 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini orodha hiyo hiyo ikijazwa na mtu mmoja mezani baada ya upasuaji kwisha ni karatasi tu. Mradi wenu ukitumia orodha hakiki, pimeni jinsi inavyosomwa, msiishie kwenye alama za vema.

Jaribuni kwa mizunguko midogo ya kupanga, kutenda, kuchunguza na kurekebisha. Mdogo maana yake mdogo kweli:

1. Muuguzi mmoja, zamu moja, watoto watatu. Mizani imeletwa karibu na meza ya mapokezi ya wodi. Utabiri: wote watatu watapimwa. Matokeo: wawili, wa tatu hawezi kusimama na mizani ni ya kusimama. Rekebisho: mzazi apimwe akiwa amembeba, kisha peke yake, na tofauti ndiyo uzito wa mtoto, au ipatikane mizani ya kulaza.
2. Zamu zote za siku mbili. Kisanduku cha uzito kimechorwa kwa mkono juu kabisa ya karatasi ya dawa. Matokeo: usiku kisanduku kinabaki kitupu kwa sababu mizani imerudishwa chumbani kwa usalama. Rekebisho: ifungwe kwa mnyororo mahali pake.
3. Wiki nzima. Famasia inarudisha karatasi isiyo na uzito, isipokuwa dozi ya kwanza ya dharura. Hapa ndipo kipimo cha mizania kinaangaliwa kila siku.

Andikeni utabiri kabla ya kila jaribio, na tarehe. Maelezo haya yatakuwa dhahabu wakati wa kuandika, kwa kuwa majaji hupenda kuona jaribio lililofeli na kilichorekebishwa. Andiko ambalo kila kitu kilifaulu mara ya kwanza halisadikiki.

Chora mstari, soma mstari

Baada ya mabadiliko kuanza, tuseme wiki 12 zimetoa 40, 45, 60, 55, 70, 75, 75, 85, 80, 90, 90 na 85. Ziendeleze kwenye chati ile ile ya wiki 10 za mwanzo, mhimili wa wima ukianza 0 hadi 100, na mstari wa mediani ya 40 ukivutwa hadi mwisho.

Mnasoma kwa kanuni mbili. Nukta 6 au zaidi mfululizo zikiwa upande mmoja wa mediani, hali imehama kweli. Nukta iliyoangukia juu ya mstari wenyewe hairefushi mfululizo wala haiuvunji. Nukta 5 au zaidi mfululizo zikipanda tu au zikishuka tu, kuna mwelekeo. Kwenye mfano wetu wiki ya kwanza imeangukia mstarini, inarukwa. Kuanzia ya pili zote ziko juu, kwa hiyo dalili inakamilika wiki ya saba. Sasa mnaweza kusema kwa ujasiri kwamba hii si bahati.

Weka mshale mdogo kwenye chati kila badiliko lilipoanza. Weka pia matukio ya nje: mgomo, mlipuko wa ugonjwa, mizani kuharibika wiki ya nne. Jaji akiona mmeyaandika wenyewe, anaamini na mengine. Grafu za nguzo mbili, "kabla" na "baada", ziache. Zinaficha yote hayo.

Kuandika

Tuanze na ikisiri, yaani muhtasari wa andiko, ambayo husomwa kwanza ingawa huandikwa mwisho. Kwa maneno 300, mgawo unaofanya kazi ni huu: tatizo kwenu 50, lengo 30, mlichofanya 80, matokeo 90, mlichojifunza na kinachoendelea 50. Lazima iwe na namba ya mwanzo, namba ya mwisho, muda na idadi ya kumbukumbu zilizohesabiwa. Ikisiri inayoishia na "matokeo yatawasilishwa" hukataliwa bila kusita.

Kichwa cha habari kitaje kitendo, wagonjwa na mahali. "Kupima uzito kabla ya dozi: kupunguza makosa ya gentamicin katika wodi ya watoto" kinatosha. Vifupisho vyenye herufi za kuvutia havina alama.

Kwenye mwili wa andiko, mfuate msomaji aliyechoka: tatizo, hali ya mwanzo, lengo, vipimo, majaribio, chati, athari zisizotarajiwa, gharama, uendelevu. Mwongozo wa uandishi wa miradi ya uboreshaji uitwao SQUIRE 2.0, uliotolewa 2015, una mpangilio mzuri wa kujikagua, na ukitaka baadaye kuchapisha jaridani utakuwa umeshafanya nusu ya kazi. Elezeni mazingira yenu pia: vitanda vingapi, wauguzi wangapi kwa zamu, kumbukumbu ni za karatasi au kompyuta. Bila hayo jaji hawezi kujua kama jambo lenu linahamishika.

Uendelevu ndipo maandiko mengi hubaki na maneno matamu. Taja nani anahesabu sasa, mara ngapi, anampelekea nani, na nini hufanyika nukta ikishuka. Taja pia kilichoingizwa kwenye fomu rasmi au maelekezo ya kazi. "Uongozi umeahidi kuendelea" haina uzito. "Kisanduku cha uzito kimechapishwa kwenye karatasi mpya za dawa" ina.

Gharama ziwe za kweli, pamoja na muda wa watu. Mkidai mmeokoa fedha kwa kupunguza siku za kulazwa, onyesheni hesabu. Kitanda kilichoachwa mapema hujazwa na mgonjwa mwingine, kwa hiyo mara nyingi kilichookolewa ni nafasi ya kitanda na wala si fedha taslimu.

Siri za wagonjwa na heshima ya wenzenu

Kufuta jina hakutoshi. Namba ya faili, tarehe ya kuzaliwa, tarehe kamili ya tukio na ugonjwa adimu katika kituo kidogo vinaweza kumtambulisha mtu. Andika "mtoto wa chini ya miaka miwili", si "mtoto wa miezi 19 aliyelazwa tarehe fulani". Kagua kila picha kwa kuikuza: ubao wa majina nyuma, bangili mkononi, skrini ya kompyuta iliyoachwa wazi. Kupiga picha za wagonjwa kunahitaji ridhaa ya maandishi inayotaja shindano na matumizi ya mtandaoni. Ridhaa ya matibabu haihusiki.

Upande wa wafanyakazi, eleza kosa kwa mfumo: "karatasi haikuwa na nafasi ya uzito", wala si "muuguzi wa zamu hakuandika". Mbali na heshima, majaji wa fani hii wanapima kama timu imeelewa usalama, na lugha ya kulaumu huwaonyesha kwamba haijaelewa.

Wenye wazo la kifaa au programu

Badala ya chati ya wiki 22, mtaonyesha sampuli inayofanya kazi na watumiaji halisi walioijaribu, bila kutumia taarifa za wagonjwa wa kweli. Waleteeni wauguzi watano kifaa bila maelezo, muwaangalie kimya, na muandike walipokwama. Semeni kifaa kikizimika, umeme ukikatika au king'ora kikilia mara mia kwa zamu nini kitatokea. King'ora kinacholia ovyo huishia kupuuzwa, na hiyo ni hatari mpya. Someni masharti ya umiliki kabla ya kupakia michoro. Katika nchi nyingi, uvumbuzi uliokwisha kuonyeshwa hadharani hauwezi tena kupata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi), kwa hiyo ombeni ushauri kabla ya siku ya maonyesho.

Kutuma

Funga andiko siku tatu kabla. Mpe mtu asiye wa fani alisome na akueleze kwa maneno yake mlichofanya. Akikwama, na jaji atakwama. Tuma siku moja kabla ya mwisho, kwa PDF, grafu zikiwa zimepachikwa, halafu fungua faili lililopokelewa kwenye simu uone kama chati inasomeka. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Saa mbili za mwisho mifumo huelemewa, na hakuna atakayesikiliza maelezo.

Bango na jukwaa

Bango la A0 lina milimita 841 kwa 1,189. Kichwa kisomeke kutoka mita kadhaa, herufi za pointi 85 au zaidi. Maelezo yasishuke chini ya 24. Chati ikae katikati, ichukue robo ya eneo. Maneno yasizidi 500, ingawa 300 yanapendeza zaidi.

Jukwaani, dakika 10 zinabeba slaidi 8 hadi 10. Chati ionekane kabla ya dakika ya nne, na mwambieni msikilizaji mhimili unaonyesha nini kabla ya kumwambia kilichotokea. Anayewasilisha awe aliyefanya kazi wodini. Mkuu wa idara asiyejua mizani ilifungwa wapi hutambulika kwa swali la kwanza.

Maswali yenyewe yanatabirika. Zamu ya usiku ilikuwaje? Nani alipinga, na alikuwa na hoja gani? Mnajuaje kwamba si msimu tu? Antibiotiki ya kwanza ilichelewa? Nini kilitokea wiki ya nne? Nani anahesabu sasa hivi, na wiki iliyopita namba ilikuwa ngapi? Hilo la mwisho huwaangusha wengi, kwa sababu kuhesabu kuliisha siku andiko lilipotumwa. Endeleeni kuhesabu hadi asubuhi ya siku ya wasilisho na muende na nukta mpya.

Matokeo yakitoka, mmeshinda au hapana, ombeni maoni ya majaji na alama za kila kipengele. Wengi hutoa wakiombwa kwa maandishi. Alama ikiwa ndogo kwenye uandishi, mnaweza kuandika upya mradi ule ule. Ikiwa ndogo kwenye vipimo, rudini kwenye wiki 10 za mwanzo na tatizo jingine.